Mtamba Aliyemaliza Mkopo

Bi Mwanaupe alifika Kabasa, mjini Bunda, siku ya akika ya mjukuu wake, akashuka kwenye bajaji, akaipita nyumba ya mwanawe bila kuitupia jicho, akaenda kuketi barazani kwa jirani. Jirani huyo, Marieta, alimtandikia mkeka na kumletea chai. Mtoto akavushwa uchochoro kupelekwa kwa bibi yake, akaombewa dua huko huko, na nyama ya akika ikaliwa nusu upande huu na nusu upande ule.

"Bibi, mbona nyumba ya mwanao haina nyoka," Marieta alimtania.

"Nyoka ningemwua. Humo kuna riba."

Huo ndio ulikuwa msimamo wake tangu Amini, mwanawe wa pekee, mwalimu wa hisabati katika sekondari moja mjini Bunda, alipochukua mkopo wa benki wa miaka kumi na miwili akanunua nyumba ile. Amini alikuwa amemweleza kila hoja aliyokuwa nayo: kodi ya nyumba ilivyokuwa ikipanda, hati ambayo siku moja ingekuwa mkononi mwake, na kauli ya sheikh mmoja aliyemfanyia wepesi kwa sababu ya dharura. Bi Mwanaupe, ambaye alikuwa ameuza khanga Musoma kwa miaka arobaini, akitoa na kupokea mali kwa mkopo bila kuongeza hata senti, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikuharamishii, baba," alisema. "Hilo ni baina yako na Mola wako. Ila silali humo wala sili, mpaka deni liishe. Deni likiisha niite, nitakuja."

Basi Amini akaazimia kulimaliza deni kabla ya wakati wake. Njia aliyokuwa nayo ilikuwa tuisheni. Hakupenda kupokea fedha za wanafunzi wake mwenyewe, kwa kuwa aliona kuwa mwalimu anayelipwa mara mbili kwa somo moja hushawishika kulifundisha nusu darasani na nusu nje. Akawatafuta waliokwisha kuanguka kidato cha nne na sasa wanarudia mtihani kwa kujitegemea. Jioni za katikati ya wiki aliwafundisha Bunda, katika banda la seremala aliyekuwa akifunga kazi mapema. Jumamosi alipanda basi hadi Makutano, akachukua pikipiki hadi Butiama, ambako vijana kumi na wawili walimngoja katika chumba kilichokuwa ghala la pamba. Jumapili alikuwa Musoma, karibu na chumba alichopanga mama yake. Mkewe, Ikhlas, alikuwa akisema kwamba ameolewa na ratiba.

Kila muhula ulipokwisha, Amini aliyapeleka benki mapato ya tuisheni. Afisa wa mikopo, kijana mpole aliyeitwa Florian, alimfundisha jambo ambalo mwalimu wa hisabati hakulijua: aandike kila mara kwamba fedha ya ziada inakwenda kupunguza deni lenyewe, la sivyo ingekaa tu kwenye akaunti ikingoja marejesho ya miezi ijayo, huku riba ikiendelea kuhesabiwa kama kawaida.

"Mwalimu, watu wanakujaga hapa kuomba waongezewe muda," Florian alisema. "Wewe peke yako unaomba upunguziwe."

"Nina mama," Amini alijibu.

Mwaka wa sita ulipofika, deni lilikuwa limebaki laki tisa na kitu. Ndipo mwenye nyumba aliyopanga Bi Mwanaupe alipouza nyumba yake na kuwataka wapangaji wote watoke kabla ya mfungo wa Ramadhani. Bi Mwanaupe hakulalamika. Alianza kufunga mizigo, akasema anakwenda kwa dada yake Mugango. Amini alilijua goti bovu la mama yake na presha iliyokuwa ikimpeleka kliniki kila mwezi. Alijua pia kwamba dada huyo alikaa juu ya kilima cha mawe, mahali ambapo hata maji hupandishwa kwa taabu. Akienda huko, hatashuka tena. Mfungo ulikuwa umebakiza wiki tano, na tuisheni isingeweza kuleta laki tisa kwa wiki tano.

Wakati huo huo matokeo ya mtihani yakatoka. Jenipher, binti wa mfugaji wa Butiama aitwaye mzee Keraryo, aliyekuwa ameanguka hisabati mara mbili, akafaulu. Ijumaa iliyofuata gari dogo la mizigo lilisimama Kabasa mbele ya nyumba ya Amini. Mzee Keraryo akateremka, nyuma yake akateremshwa ng'ombe, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kifuani.

"Mwalimu, huyu ni wako," alisema.

"Mzee, ada ya Jenipher ilikwisha kulipwa."

"Ada niliilipa, najua. Sijaja na ada."

Akanywa maziwa, akamshika mtamba shingoni kwa muda, akaondoka. Hakuweka sharti lolote, na Amini hakuuliza. Alikuwa amekulia katika duka la khanga, ambako kitu ukipewa kimekuwa chako, na kumhoji mtoaji ni utovu wa adabu. Usiku huo alimwambia Ikhlas kwamba Mwenyezi Mungu amemfungulia mlango. Wiki iliyofuata akampeleka mtamba mnadani Mugeta, akauzwa kwa bei nzuri. Akachanganya na akiba yake, akaenda benki. Florian akasimama, akampa mkono. Hati ikaahidiwa baada ya siku chache.

Amini alimpigia simu mama yake akiwa bado mlangoni mwa benki. Siku mbili baadaye Bi Mwanaupe alifika Kabasa na mizigo yake yote.

Kwa bahati, ndiyo siku ambayo mzee Keraryo naye alikuwa akipita Bunda. Alikuta mizigo inashushwa, akamwamkia Bi Mwanaupe, akauliza mtamba yuko wapi ampe chumvi aliyomletea.

"Nilimuuza, mzee," Amini alisema kwa furaha. "Ndiye aliyemaliza deni la nyumba hii. Nimekuombea dua sana."

Mzee Keraryo akaiweka ile chumvi chini.

"Nilikuwaga nadhani mwalimu anajua," alisema. "Kwetu, ng'ombe wa namna ile hauzwi. Anakaa kwako, akizaa jike la kwanza linarudi kwangu, halafu watoto wangu na wako wanakuwa watu wamoja. Kumuuza ni kusema tumemalizana. Basi. Tumemalizana."

"Mzee, hukuniambia."

"Kitu hicho hakisemwi. Ningekuambia, ningekuwa nimekukopesha."

Akaaga kwa heshima, akaenda zake. Bi Mwanaupe, aliyekuwa amefika kizingitini, aligeuka, akarudi kuketi barazani kwa Marieta.

"Mama, deni limekwisha," Amini alisema. "Karatasi ya benki hii hapa."

"Nimesikia."

"Na ng'ombe alikuwa mali yangu. Nilipewa."

"Ukienda kwa sheikh atakwambia hivyo hivyo, nami sitabishana na sheikh. Nakuuliza jambo moja: yule baba ameondoka hapa na nini?"

Amini aliikunja karatasi ya benki.

"Umeilipa benki kwa rafiki," mama yake alisema. "Kesho nipeleke kwa aliyemnunua."

Usiku huo Bi Mwanaupe alilala kwa Marieta, na asubuhi wakaenda Mugeta. Mnunuzi, mfugaji aliyeitwa Mseti, aliwapokea vizuri, akawapa viti, kisha akawaambia kwamba mtamba hauzwi.

"Nilimnunua mnadani mbele ya watu. Na amenipendeza."

"Hakuna aliyesema umekosea, mwanangu," Bi Mwanaupe alisema. "Tumekuja kuomba."

"Mnaongeza bei gani?"

"Hatuongezi. Hata ile bei uliyotoa hatunayo, imekwenda benki."

Mseti alicheka mpaka akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Bibi, wewe ni mfanyabiashara wa namna gani?"

"Wa khanga. Nilitoa mali leo, nikalipwa mwisho wa mwezi, kwa bei ile ile. Sikufilisika."

"Sasa mimi mtanilipa nini mwisho wa mwezi?"

Mkewe Mseti, aliyekuwa akipembua mtama kando yao, akauliza bila kuinua kichwa, "Si ndiye mwalimu aliyemfaulisha yule binti wa Keraryo? Na wa kwetu wawili tunawafanyia nini?"

Hapo mazungumzo yakageuka. Mseti alikuwa na watoto wawili kidato cha tatu, na hesabu zao zilimtia aibu kila anapoitwa shuleni. Wakakubaliana kwamba Amini atakuja Mugeta kila Jumapili, badala ya kwenda Musoma, mpaka watoto wafanye mtihani wao, mwaka ujao, na thamani ya kazi hiyo itakuwa bei ya mtamba, haizidi wala haipungui.

"Na wakifeli?" Mseti aliuliza.

"Mwalimu atabaki kwako mpaka wafaulu," Bi Mwanaupe alisema. "Ng'ombe hatakungoja."

"Na majani aliyokula hapa?"

"Hayo andika sadaka, mwanangu. Utayakuta mbele."

Mseti akaenda mwenyewe kumfungua mtamba. Amini akampigia simu mzee Keraryo, akamweleza yote, akauliza kama wampitishe Butiama kwanza.

"Kwangu afuate nini?" sauti ya Keraryo ilisema. "Nilimtoa, nimemtoa. Mpeleke kwako." Kabla ya kukata simu akaongeza: "Chumvi niliiacha pale mlangoni. Mpe."

Walifika Kabasa jua likizama. Ikhlas aliwapokea akamfunga mtamba nyuma ya nyumba. Marieta alitoka kumwuliza Bi Mwanaupe kama amwandalie kitanda tena.

"Leo hapana, mwanangu. Mungu akulipe," Bi Mwanaupe alisema.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Akavua viatu, akashika mwimo wa mlango kwa sababu ya goti, akaingia sebuleni. Alitazama dari, kisha pazia, kisha sakafu, kwa jicho lile lile alilokuwa akilitumia kukagua jora la kitambaa kabla ya kulipokea.

"Ikhlas," aliita, "kibla cha humu kiko upande gani?"

Ikhlas akamwonyesha ukutani, karibu na dirisha. Bi Mwanaupe akamwomba maji ya udhu.