Dohani Haianguki Mara Mbili

Dohani ya kiwanda cha nguo ilikuwa inaangushwa asubuhi ile, na Maëlle Crespin hakuwa na mwisho mwingine wa filamu yake. Kwa miaka alikuwa amemfuata Bi Ghislaine Vandaele, mfumaji mstaafu wa kiwanda hicho mjini Tourcoing, Ufaransa, jikoni, sokoni, hadi kaburini kwa mumewe. Sasa bibi huyo angeitazama dohani ikiporomoka, kisha aigeukie kamera. Mara moja tu. Baruti haina marudio.

Manyunyu yalishuka. Corentin, mpiga picha, alijaribu kamera, akafuta lenzi, akajaribu tena. Bi Ghislaine aliuliza kama skafu yake imekaa sawa, akawatania kwamba marehemu mumewe hakuwahi kumtazama kwa makini hivyo, hata siku ya harusi. Kisha midomo ikaanza kumtetemeka.

"Usilie sasa, mama," Maëlle alimwambia. "Yaweke. Utalia nikikwambia."

"Machozi si maji ya bomba, binti."

King'ora kikalia. Maëlle akaita, "Anza!" Corentin akabonyeza. Dohani ikainama kama mlevi atafutaye ukuta, ikalala chini kwa kishindo. Bi Ghislaine akageuka, uso mkavu, wenye fahari kuliko walivyoota. Maëlle akasema basi, Corentin akabonyeza tena, na wote wakakumbatiana.

Mchana, katika chumba cha nyuma cha mkahawa, wakafungua kompyuta. Dohani haikuwemo.

Kitufe cha kuwasha kamera ndicho cha kuzima. Corentin aliiacha ikirekodi baada ya majaribio bila kujua, hivyo alipodhani anawasha alizima, na alipodhani anazima aliwasha. Walikuwa na kungojea kote na vumbi lote. Tukio lenyewe halikuwepo.

"Nimeiua filamu yako," Corentin alisema, na hakujitetea.

Maëlle hakuwa na nguvu hata ya kumtukana. Alizunguka mtaa akiwasihi watu wamwonyeshe simu zao. Kila mtu alikuwa amepiga picha dohani. Hakuna aliyempiga picha bibi. Alirudi, akafunga mlango, akaanza kutazama mabaki kama mtu anayeosha maiti yake mwenyewe.

Kwanza ikaja sauti, baridi, ya mtu asiyemjua: *Usilie sasa, mama. Yaweke.* Ilikuwa yake.

Kisha vumbi. Migongo ya watu wanaopongezana, yeye mwenyewe akirukaruka kama mtoto. Na pembeni ya picha, Bi Ghislaine peke yake, kinywa wazi, analia, anatazama huku na huku akitafuta walau mkono wa kushika. Hakuna aliyegeuka.

Jioni aliipeleka kompyuta nyumbani kwa bibi, akaiweka mezani kando ya kahawa. Bi Ghislaine alitazama mpaka mwisho bila kugusa kikombe.

"Huu ndio mwisho wako?"

"Sina mwingine. Ukikataa, filamu imekufa."

Nje ya dirisha, pale dohani ilipokuwa imesimama tangu bibi azaliwe, palikuwa na mbingu tupu.

"Uweke," alisema. "Lakini na sauti yako iwemo. Watu wamjue aliyeniambia ningoje."

Maëlle akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamjaa, akafungua kinywa aombe radhi.

Bi Ghislaine akainua kiganja.

"Usilie sasa, binti," alisema. "Yaweke."