Kwenye Mashine ni Lugemalila

"Mashine imetema," alisema Malimi, karani wa dirisha la pili, akakisukuma kibali cha sanda kikarudi upande wa Leonsia.

Leonsia alikiangalia asikishike. Alikuwa kwenye foleni ya Duka la Shirika tangu geti lilipofunguliwa, kanga imefungwa kiunoni kama wanavyofunga wafiwa, na watu waliokuwa mbele yake walipoiona walimpisha mmoja mmoja bila kuulizana. Sasa alikuwa dirishani. Nyuma ya Malimi, kwenye rafu, lilikuwapo jora la bafta nyeupe, ncha yake ikining'inia. Alilijua. Kama hakulisimamia yeye kwenye mtambo, basi alilisimamia mwenzake wa zamu nyingine, kule kiwandani anakofanya kazi, ambako kila jioni wanawake hupapaswa getini wasije wakatoka na kipande kiunoni.

"Imetema vipi, kaka?"

"Jina. Kwenye kadi yenu ni Lugemalila. Wewe umeandika Rugemalira."

"Ni jina moja hilo."

"Kwako na kwangu ni moja," Malimi alisema. "Mimi mwenyewe nikilitamka sijui limetoka lipi. Ila mashine inajua."

Watu wa nyuma wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka ile kanga, wakanyamaza.

Mashine yenyewe ilikuwa kwenye chumba cha kioo, kijivu, kubwa kama kabati la nguo. Ililetwa baada ya vita, bidhaa zilipoadimika, ili vitu vya kibali visipotelee mlango wa nyuma. Kila kaya ilikuwa na kadi yake ngumu yenye matundu, iliyotengenezwa Dar es Salaam kwenye kompyuta. Karani alibonyeza jina na kitu kinachotakiwa, mashine ikalinganisha na matundu, na vikipatana ikachapa stakabadhi. Bila stakabadhi, mkasi haukugusa kitambaa. Siku ya uzinduzi meneja alisimama kwenye ngazi akawaambia wananchi kwamba upendeleo umekwisha, kwa sababu mashine haina ndugu. "Haina ndugu, lakini shemeji inao," mtu alijibu kutoka nyuma, na maneno hayo yakabaki Mwanza kuliko hotuba.

"Marehemu ni mama yangu," Leonsia alisema. "Tunazika leo jioni."

"Pole sana, dada. Sikiliza. Kuna njia mbili. Tuirekebishe kadi, ambayo inakwenda Dar kwenye mfuko wa ndege na kurudi inapopenda. Au urekebishe kibali. Balozi wako aandike kwamba jina sahihi la marehemu ni Lugemalila, agonge muhuri."

"Lakini siyo jina lake."

Malimi alitazama jora, akatazama foleni.

"Rahisi ni kumbadilisha marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Mashine huwezi."

*

Mkuyuni, uani kwao, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka na wanaume kwenye magogo. Mama yao, Josepha, alikuwa ndani, amefunikwa shuka lake la kitandani, lenye maua yaliyofifia. Alifariki alfajiri. Angezikwa kwao Bukoba, kwenye migomba, karibu na mumewe, ila meli haikuwa na mafuta na hakuna aliyejua itayapata lini. Privatus, kaka yake Leonsia, alikuwa anapiga randa mbao za msalaba.

Mzee Shimba, balozi wa nyumba kumi, alikuwa miongoni mwa wanaume. Leonsia alipiga goti mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepata?"

"Wamekataa. Wanasema kwenye kadi yetu ni Lugemalila."

"Ndiyo," alisema Mzee Shimba. "Si ndivyo nilivyowatajia walipokuja kuandika? Nilisimama hapo mlangoni nikawaambia vizuri kabisa. Lugemalila."

"Ni Rugemalira, mzee."

"Ndiyo, mwanangu. Lugemalila."

Alikuwa anamtazama kwa huruma yote aliyokuwa nayo, na hakusikia tofauti yoyote. Leonsia hakuweza kumkasirikia. Miaka yote mama yake alikuwa na mchezo na watu wa mtaa huu. Alikuwa akiuza ndizi sokoni Mkuyuni, na mteja aliyemwita kwa L alikuta kichane kimeshikiliwa. "Litamke vizuri, baba," mama alikuwa akimwambia, mkono haujaachia. "Ulimi uutetemeshe kidogo. Rrru." Soko zima lilicheka. Mzee Shimba hakufaulu hata siku moja, na kila alipokosa mama alimwongezea ndizi moja ya pole.

Kibali cha kwanza alikuwa amekiandika Leonsia mwenyewe asubuhi, kwa sababu miwani ya mzee ilikuwa imevunjika, na ndipo herufi zake za shuleni zilipogongana na zile za Dar es Salaam. Mzee alitoa karatasi nyingine kwenye mkoba wake.

"Andika wanavyotaka. Mimi nagonga."

"Unaandika nini?" Privatus aliuliza, randa mkononi.

"Wanavyotaka."

Aliandika: *Nathibitisha kwamba jina sahihi la marehemu ni Josepha Lugemalila.* Alipofika kwenye L ya kwanza kalamu ilisimama. Kisha ikaendelea. Alifikiria shuka lenye maua na udongo juu yake, na herufi ikawa kitu kidogo. Aliandika na nakala ya pili, ya mlinzi wa makaburi, ili karatasi zisije zikagombana tena. Mzee Shimba alipulizia muhuri, akagonga mara mbili kwa nguvu, kama mtu anayetoa msaada.

*

Foleni ilikuwa imekaa chini. Hilo lilimwambia Leonsia kabla hajafika. Watu walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta, kandambili zimewekwa kwenye mstari kushika nafasi, na chumba cha kioo kilikuwa giza.

"Umeme," alisema Malimi. "Umekatika ulipoondoka tu."

"Nimeleta." Aliweka karatasi dirishani. "L zote tatu."

Malimi aliisoma yote. "Hii iko safi. Hii haiwezi kutema."

"Basi nikatie."

"Mashine imelala, dada."

"Kitambaa kile pale. Mkasi ule pale. Kibali unacho mkononi, na wewe mwenyewe unasema kiko safi."

"Nikikata bila stakabadhi, jioni kitambaa kinapungua na mashine haijui kimekwenda wapi. Unajua mwezi huu wanavyokamata watu. Mwenzangu wa dirisha la kwanza yuko ndani kwa ajili ya sabuni. Wataniita mhujumu, na nina watoto." Alisema bila hasira. "Njoo kesho. Wewe utakuwa wa kwanza."

"Kesho nitamvalisha nani?"

Malimi alikichukua kile kibali, akakibana juu ya kadi ya kaya, akaviweka vyote kando ya mashine, vya kwanza kabisa kwenye safu ya vinavyosubiri.

"Harish hapo mtaa wa nyuma zamani aliuza vitambaa," alisema, macho yakiwa kwenye kazi yake. "Mimi sijasema kitu."

*

Rafu za Harish zilikuwa na viberiti, kalamu za risasi na picha ya mungu wa Kihindu yenye shada la maua ya plastiki. Yeye alisimama nyuma ya kaunta mikono ikiwa juu yake wazi, jinsi alivyozoea kusimama tangu wakaguzi walipopita.

"Hakuna kitambaa, dada. Angalia mwenyewe. Hakuna hata cha kufutia vumbi."

"Hata kipande, bwana Harish. Ni cha sanda."

"Wamepindua mpaka magodoro yetu. Mimi nikiwa na yadi moja hapa, leo nalala rumande. Pole sana. Nani amekufa?"

"Mama yangu. Josepha, wa ndizi."

Pazia la nyuma lilisogea. Champaben, mama yake Harish, alitoka polepole akishikilia ukuta, amevaa sari nyeupe isiyo na urembo, kama alivyovaa tangu mumewe alipofariki. Leonsia aliinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama ya ndizi? Josepha Rugemalira?"

Alilitamka lote, R zote mbili zikizunguka kama gurudumu. Leonsia alikuwa hajalia siku nzima. Alishika ukingo wa kaunta.

"Mimi siku ya kwanza tu nilisema," Champaben alisema. "Yeye alinitazama hivi, akasema, haya mama, wewe chukua ndizi yako, nenda, hakuna mchezo na wewe. Alikasirika!" Alicheka bila sauti, kisha akafuta macho kwa ncha ya sari. "Hawa wa Duka la Shirika wamekunyima nguo kwa nini?"

Leonsia alieleza. Harish alitikisa kichwa mara kadhaa. Champaben alisikiliza mpaka mwisho, akarudi nyuma ya pazia, na likasikika sanduku la bati likifunguliwa. Alirudi na sari nyeupe iliyokunjwa, mpya, yenye harufu ya dawa ya nondo.

"Mama," Harish alisema, kisha akaendelea kwa Kigujarati, haraka haraka.

"Hii si ya duka," Champaben alimjibu kwa Kiswahili, ili Leonsia asikie. "Hii ni yangu. Niliweka kwa safari yangu. Lakini mimi bado sijaitwa. Yeye ameitwa."

"Mama, siwezi kuchukua hii."

"Unaweza. Mimi nitavaa hii hii ya mwilini, Mungu hachagui. Chukua, mtoto. Jua linakwenda."

Harish alisimama mlangoni akaangalia mtaa, huku na huku. "Ukiulizwa," alisema, "umepewa na mama, nyumbani. Hukununua. Hapa dukani hukuingia." Halafu akaongeza, kama mtu aliyejisikia mwenyewe akaona haya: "Utusamehe, dada."

Leonsia aliizungusha sari tumboni chini ya kanga, akaikaza. Miaka yote aliyotoka getini kiwandani hajawahi kubeba hata uzi. Alipita mbele ya askari wa Duka la Shirika akiwa ameficha sanda ya mama yake kama mwizi, na askari, alipoiona ile kanga kiunoni, alivua kofia.

*

Walimfunga kwa ile sari, na ilitosha, ikabaki ya kumfunika uso. Katekista alisali. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Privatus aliuchomeka msalaba mtupu, akafungua kopo la rangi nyeusi aliyoazima gereji.

Mlinzi wa makaburi alikuwa na nakala yake mkononi. "Hapa ninaye Josepha Lugemalila," alisoma. "Andikeni hivyo hivyo. Wakija kukagua, msalaba na karatasi vipatane."

Privatus alichovya brashi, akamgeukia dada yake. "Nianze na ipi?"

Mzee Shimba alikuwa amesimama karibu, kofia kifuani. Watu walisubiri. Ziwa lilionekana kati ya mawe, jeupe kwa jua la jioni.

"Nipe mimi," Leonsia alisema.

Aliandika Josepha, kisha R, mguu wake mrefu ukashuka mpaka ukingo wa ubao.

"Dada," mlinzi alisema, "kwenye karatasi aliyekufa ni Lugemalila."

"Huyo mimi simjui," Leonsia alisema, akaendelea kuandika.

Mzee Shimba alikuwa anasogeza midomo. Alijaribu kimya kimya, akajaribu tena, ulimi ukamkatalia.

Jioni hiyo hiyo umeme ulirudi. Malimi alimsimulia Leonsia baadaye. Mashine iliamka ikaanza na kadi iliyokuwa ya kwanza kwenye safu, na haikutema. Ilichapa stakabadhi vizuri, bafta ya sanda, kaya ya Lugemalila, na mtunza stoo akakata. Malimi alikiweka kitambaa dirishani, akaliita jina kama sheria ilivyotaka.

"Josepha Lugemalila!"

Foleni ilitazamana. Aliita mara ya pili, na hakuna aliyeitika.