Namba ya Kobe

Katika kona ya duka la vifaa vya safari palikuwa na kilima cha mbao. Kilikuwa kifupi, hakimfiki mtu kiunoni. Upande mmoja kimebandikwa mawe ya kweli, upande wa pili ni mteremko mtupu, na mnunuzi aliambiwa apandie huku ashukie kule ili kiatu kijieleze chenyewe. Mwanamke aliyekuwa akishuka mteremko huo mchana ule alikuwa na miaka hamsini na ushei. Mkoba alikuwa ameubana kwapani, na uso ameukunja kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Alifika chini, akasimama, akangoja maumivu yaje. Hayakuja.

"Vidole vinagonga mbele?" aliuliza muuzaji, binti mrefu mwenye utepe wa kupimia shingoni.

"Havigongi."

"Basi hiyo ndiyo namba yako, mama. Arobaini na moja."

Yule mama akaanza kulia. Binti wa watu akakimbilia kiti na maji, akidhani mteja wake amezidiwa na furaha. Furaha gani! Mama huyo alikuwa amefura kwa hasira hata masikio yanamvuma, na lau mtu aliyemkasirikia angalikuwa mle dukani, angalimtwanga kwa buti lilelile.

Alikuwa akiitwa Kobe. Jina hilo alipewa na dada yake walipokuwa wangali watoto, kwa sababu kila walipokwenda, iwe shuleni, iwe dukani, iwe mazikoni, yeye alikuwa wa mwisho kufika. Mama yao alilicheka, baba yao akalizoea, majirani wakalidaka, na likamwandama hadi kazini. Hata mumewe alimwoa akiwa Kobe. Mwenyewe alikwisha kulikubali kama mtu anavyokubali umbo la pua yake. Kuna watu wepesi na kuna watu wazito, basi, na yeye Mungu alimuumba mzito.

Na kumbe wapi! Nyumbani kwao palikuwa na watoto wawili wa kike na mguu mmoja wa kupimwa. Kila mwaka mama yao alimchukua binti mkubwa kwenda dukani, akapimwa, akanunuliwa viatu, na vile vya mwaka uliopita vikapigwa rangi na kuteremshwa kwa mdogo mtu. Utaratibu ulikuwa mzuri, na ulifanya kazi mpaka mguu wa mdogo ulipoupita wa mkubwa. Siku hiyo Kobe alimwambia mama yake kwamba viatu vinambana. Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye pasi. "Kunja vidole," alisema. "Vitatanuka."

Kobe akakunja vidole. Akavikunja kwa bidii na kwa muda mrefu hata akasahau kwamba amevikunja. Alipokuwa mtu mzima na kuanza kujinunulia mwenyewe, aliingia madukani akiitaja thelathini na nane kwa sauti ya mtu anayetaja jina la ukoo. "Sisi kwetu ni thelathini na nane," aliwaambia wauzaji, nao wakampa. Vilimuumiza, akanunua vingine, navyo vikamuumiza. Aliamini kwamba kila mwanamke aliyevaa kiatu anaumia vilevile, ila wenzake wana moyo.

Hata leo hakuja kutafuta buti. Alikuja kutafuta kamba. Dada yake, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa akiongoza kikundi cha wastaafu wenzake kwenda ng'ambo kutembea milimani, kulala kwenye vibanda vya njiani na kuendelea kesho yake. Mmoja wao aliumwa, nafasi ikabaki, na dada mtu akamtupia mdogo wake kama mtu anavyomtupia mbwa fupa. Aliongeza na mfuko: suruali mbili za zamani, koti la mvua la rangi ya vumbi, fulana za pamba, na buti alizovaa yeye mwenyewe safari iliyopita. Kamba ya buti moja ilikuwa imekatika. Binti wa dukani alimwomba azivae ili aone urefu wa kamba unaofaa, akainama, akabonyeza, akainua uso.

"Mama, vua hizi tafadhali. Nani kakuvika?"

Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Akiwa pale kitini, maji mkononi, Kobe alikuwa akifikiria wodi. Ujanani alisomea uuguzi. Aliupenda, alikuwa na mkono mwepesi, na wagonjwa walimwulizia zamu ikibadilika. Lakini kazi ya wodi ni kusimama na kutembea, na ilipofika adhuhuri alikuwa akishika kuta. Mkufunzi wake alimwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba hana nguvu za kazi hiyo. Aliacha katikati ya mafunzo. Tangu hapo alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, nyuma ya kioo, kazi ya kukaa, viatu amevivua chini ya meza asionekane. Maisha mazima ameandikia watu miadi ya kung'olewa meno. Kumbe kilichomshinda hakikuwa wodi.

"Nipe na nguo," alimwambia muuzaji, sauti imekauka.

"Nguo za namna gani, mama?"

"Zangu."

Binti alielewa kwamba hapa hapana mzaha. Akamweleza kwamba fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, unabaki na baridi mgongoni siku nzima. Kwamba soksi ziwe za sufu. Kwamba koti lizuie mvua lakini liruhusu mtu kuinua mikono yote miwili bila kubanwa makwapa. Kobe aliinua mikono yote miwili mbele ya kioo, mara moja, mara ya pili, akajitazama vizuri kama mtu anayekutana na nafsi yake mara ya kwanza. Akakataa koti la kijivu. Akakataa la kahawia. Akachukua jekundu, jekundu la kumtoa mtu macho, akalivaa akatoka nalo dukani jua linawaka. Mfuko wa dada alikuwa ameubeba kwa vidole viwili, kama unanuka.

Dada alifika jioni hiyohiyo. Hakupiga hodi, hakuwa na desturi hiyo. Alimkuta mdogo wake sebuleni, miguu ndani ya buti mpya, akizunguka meza.

"Shikamoo, dada," alisema Kobe bila kusimama.

"Marahaba. Nini hicho ulichovaa? Umekuwa gari la zimamoto?"

"Koti."

"Koti nilikupa. Na buti nilikupa." Aliuona mfuko wake karibu na mlango, umefungwa kifundo. "Mbona unanirudishia?"

"Havinitoshi."

"Havikutoshi vipi? Sisi sote ni thelathini na nane."

"Mimi ni arobaini na moja."

Dada alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha shuleni, cha kumkalisha mtoto chini. "Nani kakudanganya? Wauzaji hao wanataka kuuza tu. Sikiliza, Kobe. Buti mpya zitakuchubua siku ya kwanza, na mimi nina watu wa kuongoza, siwezi kukaa nyuma nikikungoja. Utavaa zangu, zimeshalainika. La sivyo, nafasi hiyo nitampa mwingine. Wanaoitaka ni wengi."

Siku zote, neno kama hilo likisemwa, Kobe alikuwa akitabasamu na kusema haya dada. Alilisikia likimpanda kooni, haya dada, limejitayarisha kama kawaida. Akalimeza.

"Mpe," alisema.

"Nini?"

"Nafasi. Mpe umpendaye. Kule nataka kwenda kuliko unavyojua. Kila siku natazama picha za ile milima hapo kazini. Lakini kama ni kwenda na vidole vimekunjwa, mpe mtu mwingine. Nimechoka, dada! Niliacha kazi niliyoipenda kwa ajili ya viatu vyako. Mnanicheka miaka yote, Kobe, Kobe, mume wangu anacheka, watoto wangu wanacheka, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuinama akatazama miguu yangu!"

Sauti yake ilijaa chumba. Nje mtu aliyekuwa akipita alipunguza mwendo. Dada alivuta kiti akakaa, mkoba mapajani, midomo ameibana.

"Unadhani mimi nilifaidi?" alisema hatimaye. "Kila nilipokanyaga tope nilichapwa. Usiruke, mdogo wako atavaa nini. Usipige mpira, mdogo wako atavaa nini. Viatu vilikuwa vyako siku ileile ninayonunuliwa. Mimi nilikuwa navitunza tu."

Lilikuwa neno la kweli, na siku nyingine lingemlainisha. Leo lilimwongezea moto. Hakutaka kusikia kwamba wote wawili waliumia; alikuwa ndiyo kwanza apate maumivu yake mwenyewe, na tayari mtu anataka sehemu.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua nini?"

"Kwamba vinanibana."

Dada alifungua mkoba, akaufunga. Mwalimu mkuu aliyesimamisha watoto mstarini kwa kukohoa tu hakuwa na mahali pa kuweka mikono.

"Tulilala chumba kimoja," alisema. "Nilikuwa nakuona unavyovisugua vidole ukidhani nimelala. Nilijua."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Dada alisema chini chini, na haraka, kama mtu anayetema kitu.

"Ulikuwa unanishinda kila kitu. Kusoma, kuimba. Hata baba, wewe ndiye uliyekuwa ukimchekesha. Njiani tu ndiko nilikokuwa nakuacha nyuma. Ningesema, mama angekupima mguu wako, nawe ungenipita na huko."

Kobe alisikia damu ikimpanda hadi utosini. Kwa hiyo lile jina, ambalo watoto wake mwenyewe walilitamka kwa mapenzi, lilitoka kwa mtu aliyeijua sababu. Alitamani kumfukuza. Mlango ulikuwa wazi, mfuko uko palepale, ilibaki kunyoosha kidole tu. Alitaka pia kumpiga, jambo ambalo hakuwahi kulitaka hata utotoni. Akaketi, kwa kuwa angesimama zaidi angefanya moja kati ya hayo mawili.

Walikaa hivyo, mmoja huku na mwingine kule kwenye meza, hakuna aliyewasha taa. Kisha dada akaweka mkoba chini. Akainuka, akazunguka meza, akashuka magotini mbele ya mdogo wake, taratibu na kwa kuguna, maana magoti yake nayo yalikuwa yamestaafu. Alilishika buti la kulia kwa mikono miwili. Akabonyeza kwa dole gumba.

"Kidole chako kiko wapi? Hapa?"

Kobe aliutazama utosi ule, nywele zilizochanwa kwa unyoofu wa rula, na hakuona huruma yoyote ikija. Angeweza kuuvuta mguu wake.

"Hapa?" dada aliuliza tena.

"Mbele."

Dole likasogea. "Hapa?"

"Mbele bado."

Likasogea tena, polepole, likipita mahali ambapo kiatu chochote cha nyumba ile kingekuwa kimekwisha kwisha.

"Hapa?"

"Hapo," alisema Kobe. "Hapo ndipo ninapoishia."

Dada yake hakuinuka, wala hakuinua uso. Dole lake gumba lilibaki palepale, likibonyeza.