Mtoto wa Pili Alipokwama

Mwanangu wa kwanza, Mwanajuma, alizaliwa mkubwa. Watu wa kijiji chetu cha Dutumi walikuja kumtazama, nami nikajisifu kama mjinga. Siku ya tatu tukaona mkono wa kulia haunyanyuki. Umelala tu ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma.

Nilimpeleka zahanati. Dresa, mganga msaidizi wa pale, akamvua nguo, akaanza kuuliza. Uchungu ulichukua muda gani? Siku mbili. Kichwa kilitoka, bega likakwama? Ndiyo. Nani alimvuta?

"Mama yangu. Ndiye mkunga."

Akasema alivutwa kichwa mno, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ikakatika. "Mkeo akibeba mimba tena asizalie nyumbani. Akikwama mmoja, wa pili naye anaweza kukwama. Mpeleke hospitali mapema akangojee huko."

Mke wangu Mwamvita nilimwambia. Mama sikumwambia. Bi Mwanamkuu, mama yangu, amezalisha nusu ya kijiji, na kila asubuhi alikuwa akimkanda mjukuu wake ule mkono, akisema ni upepo mbaya, utapita. Ningeanzia wapi?

Mwaka wa hamsini na mbili Mwamvita akabeba mimba tena. Tumbo likawa kubwa kupita la kwanza. Alikuwa na kiu isiyokwisha, na kukojoa hakuishi.

"Baba Mwanajuma, mimba mwezi wa nane ndio huu," akasema. "Lori la kwenda hospitali linapita Jumatano."

"Nitazungumza na mama."

"Ulisema hivyo mwezi wa sita. Mwanamume mzima unamwogopa mama yako kama mtoto aliyevunja chungu!"

Nikaenda. Mama alikuwa anapepeta mpunga.

"Mama, Mwamvita nataka akazalie hospitali."

Akaweka ungo chini. "Kwani mikono yangu imeoza?"

"Hapana, mama."

"Watu watasema mkaza mwana wa Mwanamkuu amemkimbia Mwanamkuu. Nani ataniita tena?"

Nikauokota ungo, nikamrudishia. Lori la Jumatano likapita, na la Jumatano iliyofuata.

Uchungu ulianza Alhamisi. Ijumaa wenzangu walipokwenda msikitini mimi nilibaki uani. Nikamsikia mama: "Kichwa hiki hapa! Sukuma, mwanangu, usilegee!" Mwamvita akasukuma, akalia, akasukuma tena. Kisha mama akaacha kusema. Nikajua bega limekwama, nikajua ameshika wapi. Mlango ulikuwa hatua nne. Ningeweza kupiga kelele asivute. Sikupiga.

Mtoto alipolia, mama akamleta mlangoni amefungwa kanga. Wa kiume. Nikamfunua. Mkono wa kushoto ulirukaruka. Wa kulia nikaunyanyua, nikauachia, ukaanguka.

Mama aliona. "Matano," akaniita jina, sauti imekwisha kabisa. "Wawili sasa. Ni mimi?"

"Ni majaaliwa, mama."

"Mwongo!" Mwamvita akasema kutoka ndani. "Mwambie alichokwambia dresa."

Nikamwambia. Yote, pale pale mlangoni, mtoto yuko katikati yetu.

"Ulijua tangu Mwanajuma?"

"Nilijua."

"Miaka yote hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanikalia kimya, nikavuta tena."

Akamfunika mtoto, akaingia ndani, akaketi chini karibu na mke wangu. Nikawasikia wanalia pamoja. Nilisimama uani hadi watu wakarudi kutoka msikitini, na hakuna aliyeniita ndani.