Mawimbi Yaliyogeuka Vigae

“Kanda ya Ziwa yote hii, nitajie mtu mmoja anayepiga picha kama mimi. Mmoja tu, nimnunulie soda.”

Mayala aliyasema hayo mlangoni mwa ukumbi pale Buhongwa, kapanua miguu kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani, kamera ikining'inia shingoni ingawa siku hiyo hapakuwa na cha kurekodi. Kamera ilikuja kuonekana tu, kama mwenyewe. Kila aliyepita aliambiwa kwamba filamu imepigwa kwa 4K, ubora wa juu kabisa, na kila alipotamka hiyo “fo-kei” alinyanyua vidole vinne hewani, asije mtu akadhani ni tatu.

“Leo mtaona mpaka nywele za samaki,” alisema.

“Samaki hana nywele,” alijibu Bushra bila kuinua kichwa kwenye kompyuta yake.

“Kwa kamera yangu anazo.”

Watu wakacheka. Bushra hakucheka. Yeye ndiye mhariri wa kikundi chao cha filamu, aliyezikata na kuziunga picha zote za filamu chumbani kwake, feni ikimpulizia mashine yake kuukuu isizimike kwa joto. Yeye na Mayala walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mayala alimwita “mama mkasi”. Bushra alimwita “mzee wa shingo”, kwa sababu ya mkanda wa kamera, na wakati mwingine alimwita majina ambayo hayafai kuandikwa.

Siku hiyo alikuwa amekuja Alexander, mnunuzi wa vipindi wa kituo kimoja cha televisheni cha Dar. Akiikubali filamu, kikundi kingekuwa kimeuza kazi yake ya kwanza. Akiikataa, wangerudi kule kule walikotoka: kurekodi send-off za kuwaaga mabinti wanaoolewa, kipaimara, na wajomba wanaocheza muziki na shati limetoka nje. Hellen, mwenyekiti wa kikundi na ndiye aliyeigiza mjane anayenyang'anywa mtumbwi na shemeji zake, alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono kaibana katikati ya magoti.

Taa zikazimwa.

Picha ya kwanza ilikuwa uso wa Hellen, ndani ya nyumba, katulia. Ulijaa ukuta mzima na ulipendeza kweli. Mayala akamsukuma Alexander kwa kiwiko, mtu ambaye hawajafahamiana hata saa moja. “Unaona ngozi hiyo?”

Kisha ikaja sehemu waliyoirekodi Kigongo, ufukweni. Upepo, daraja kwa nyuma, wadudu wa ziwani wameinuka juu ya maji kama moshi, na Hellen anakimbilia mtumbwi huku analia.

Ziwa likavunjika.

Mawimbi yakageuka vigae. Vigae vya mraba, kama vya choo cha hoteli, vikirukiana na kubadilishana nafasi. Wale wadudu wakawa blanketi moja la kijivu linalotetemeka. Hellen kila alipogeuza kichwa, uso ulichelewa kumfuata. Macho yalibaki nyuma kidogo, halafu yakakumbuka kwamba yana mwenyewe, yakarudi. Hata kidonda cha bandia kwenye paji la uso, kile ambacho Mwaija, mpambaji wao, alikihangaikia asubuhi nzima, kilionekana kama mtu kamwagiwa jemu.

“Mbona ziwa wameliwekea marumaru?” sauti ikauliza kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hapo ni pale mjane anapolia. Watu walicheka mpaka alipomaliza kulia.

Taa zilipowashwa Alexander alibaki amekaa.

“Hadithi nzuri,” alisema. “Dada anaigiza vizuri sana. Lakini hii picha mmeipiga kwa kamera au kwa kikokotoo?”

Akawageukia wote.

“Siwezi kuiweka hewani. Simu ya mtu inaivumilia, televisheni haiivumilii. Nipeni zile picha za asili, kama zilivyotoka kwenye kadi ya kamera, tuiunge upya. Mkiwa nazo, nainunua. Kama hamna, tuachane kwa amani.”

Hellen akageuka. Macho yake yalimpita kila mtu yakatua kwa Mayala. Mayala alijua sasa hivi lazima kuna mtu ataharibikiwa jina, na akaamua haraka kwamba si yeye.

“Muulizeni mama mkasi,” alisema. “Mimi nilimpa maziwa. Kama yameganda, yameganda kwake.”

Bushra akasimama taratibu. “Umenipa nini? Rudia.”

“Kadi. Nilikukabidhi mkononi siku tuliyotoka Kigongo.”

“Muongo! Ulinitumia video kwa WhatsApp, moja moja, kama mtu anatuma vichekesho! Kadi nimekuomba kwa simu mpaka sauti imekauka. Nikakwambia picha zinakuja nyepesi, ukasema kompyuta yangu ndiyo mbovu!”

“Zile za WhatsApp zilikuwa za kuonja, uanzeanze kazi. Kadi nilikupa. Umeifomati, umefuta kila kitu, sasa unatafuta pa kujificha.”

Alitamka neno “umeifomati” kwa ufasaha wa ajabu. Alikuwa na sababu ya kulijua vizuri.

Ukweli, ambao Mayala alikuwa nao kichwani kama mwiba ndani ya soksi, ulikuwa hivi. Alikiambia kikundi ana kadi tatu. Alikuwa nayo moja. Kule Kigongo, kila jioni aliingiza picha kwenye simu yake akamrushia Bushra kwa WhatsApp, zikaenda kama video za kawaida. Na video ikienda hivyo haiendi nzima. Inakamuliwa kwanza kama shuka la kufuliwa, mwenzako anapokea kile kilichobaki kwenye kamba. Uso uliotulia unaweza kusalimika. Lakini maji, upepo, wadudu elfu wanaoruka, vitu hivyo vinahitaji nafasi, na nafasi ndiyo iliyokamuliwa. Mayala alizitazama kwenye kioo cha simu, ukubwa wa kiganja, akaziona tamu. Akajiambia kadi ataipeleka kesho yake.

Kesho yake akapata kazi ya send-off, Magu. Kadi ikajaa katikati ya shughuli. Alikuwa amebanana na ukuta wa nyumba, kivulini, chini ya dirisha la pazia la pinki, ndani wanawake wakicheka, na mjomba wa bibi harusi akimfokea kwamba binti anatoka sasa hivi na asiporekodiwa mtu atalala polisi. Mayala akafungua menyu. Kamera ikamuuliza kwa adabu kama ana uhakika anataka kufuta kila kitu. Akabonyeza kwamba anao. Kigongo ikaenda, daraja likaenda, machozi ya Hellen yakaenda, na nafasi yao ikachukuliwa na shangazi mwenye gauni la njano aliyecheza nyimbo sita mfululizo.

Hayo alikuwa hajamwambia mtu. Wala hakuwa na mpango.

Hellen aliitisha kikao Jumapili baada ya ibada, uani kwake. Alipanga viti vya plastiki mwenyewe na hakumkaribisha mtu hata maji. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile. Vijana wa mtaani walishaanza kumwita “Dada Marumaru”.

“Sitaki hotuba,” alisema. “Mtu mmoja hapa amefuta kazi yetu, na mimi nimelia mbele ya watu wakanicheka. Huyo mtu leo anatoka kwenye kikundi na jina lake linatoka kwenye filamu. Tutairudia Kigongo bila yeye, na Alexander nimeshamwomba atusubiri. Mayala, sema.”

Mayala akasimama. Alikuwa amevaa shati la kola, la kanisani, na hata kamera aliiacha nyumbani, jambo lililoonyesha jinsi mambo yalivyokuwa mazito.

“Mwenyekiti, mimi siyo mtu wa maneno mengi.”

“Tangu lini?” Bushra akauliza.

“Unaona? Unaona ulimi huo? Mtu mwenye ulimi hivyo, mkono wake utakuwaje?” Vijana wakacheka. Mayala akaipata pumzi. “Kadi nilimpa. Aliipokea, akaiweka kwenye kile kipochi chake chenye shanga. Mungu ndiye shahidi yangu.”

“Mtaje mwingine ambaye tunaweza kumpigia simu,” Bushra alisema.

“Bushra, subiri zamu yako,” Hellen akakatiza.

“Zamu gani, da Hellen? Huyu anaongea uongo umevaa kola! Kipochi cha shanga nimekinunua wiki iliyopita! Wewe ngosha, mwanamume mzima, angalia huku. Niangalie machoni useme tena ulinipa kadi.”

Mayala alimwangalia nyusi. Nyusi zinatosha, ukiwa mbali kidogo hakuna anayejua tofauti. “Nilikupa kadi.”

“Wapi?”

“Stendi.”

“Stendi ipi?”

“Bushra, mimi sikuja hapa kufanya mtihani wa jiografia.”

Wakacheka tena, na kicheko hicho kilimkaa Bushra vibaya. Akaanza kufoka. Alisema kikundi kimejaa watu wanaoabudu lenzi. Alisema nusu yao hawajui hata video inahifadhiwa wapi, wanajua tu pozi. Alisema akiondoka yeye watafute wa kuwaungia picha kwa uzi na sindano. Yote yalikuwa kweli, na kila moja lilimpunguzia rafiki. Mayala aliwaona wakinuna mmoja baada ya mwingine, akatulia kama mtu anayepokea baraka. Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Mama mkasi alikuwa anajikata mwenyewe.

“Basi,” Hellen alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. “Nimesikia wote. Anayesema Bushra atoke, anyooshe...”

“Mie nina swali.”

Alikuwa Mwaija. Muda wote alikaa karibu na mlango wa jiko, akisafisha brashi zake za vipodozi kwa kitambaa, kwa sababu alasiri alikuwa na bibi harusi mwingine. Wapiga picha na wapambaji wa mjini hapa maisha yao ni hayo hayo: filamu ni mapenzi, harusi ndiyo inayowalisha.

“Uliza,” Hellen alisema.

“Mayala, ile send-off ya Magu, bibi harusi alipambwa na nani?”

“Nitajuaje? Mimi wanawake wakipambana na poda siingii humo.”

“Hukuingia, ni kweli. Ulikuwa dirishani. Kwa nje.” Mwaija aliendelea kusafisha brashi. “Mimi nilikuwa ndani. Nimeshika kope ya bandia ya yule binti kwa koleo, gundi haijakauka, nikasikia sauti yako na ya mjomba wake mnagombana. Mjomba anasema rekodi, wewe unasema kadi imejaa.”



“Dada Mwaija,” Mayala alisema, akitafuta tabasamu lake la mlangoni na kulipata nusu, “send-off zote kadi hujaa. Hilo nalo kesi?”

“Mjomba akakuuliza, si ufute kitu? Ukamwambia humo kuna filamu ya watu. Halafu ukasema, ‘Liwalo na liwe, nafuta, Bushra atajua mwenyewe.’ Mkono ukaniteleza, kope ya yule mtoto ikakaa upande. Mpaka leo mama yake hapokei simu zangu.”

“Na siku zote hizi umenyamaza?” Hellen akamuuliza.

“Nilidhani kadi nyingine zipo. Si alituambia anazo tatu? Nimejua hizo nyingine hazipo alivyoapa sasa hivi kwamba kadi ni hiyo moja, na alimpa Bushra.”

Vichwa vyote viligeuka. Mayala akairekebisha kola. Alikuwa na majibu mengi ya kuchagua: kwamba hiyo ilikuwa filamu nyingine, kwamba Mwaija ana ubia na Bushra, kwamba dirishani alikuwa mtu mwenye sauti kama yake. Lolote kati ya hayo lingemvusha hata dakika tano. Lakini jambo moja lilimchoma kuliko yote. Maneno aliyowekewa mdomoni yalikuwa mabaya kuliko aliyoyasema, na mtu anayejiona mwema hawezi kuvumilia hilo.

“Uongo huo!” alipayuka. “Sikusema Bushra atajua mwenyewe, mimi siyo mtu wa namna hiyo! Nilisema hamna shida, Bushra anazo zote kwenye simu...”

Akausikia mdomo wake. Akaufunga, kwa kuchelewa.

Mwaija aliirudisha brashi kwenye mkoba. Hellen akashusha mkono aliokuwa ameuinua kuhesabia kura. Bushra, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anafoka mpaka mishipa imemtoka, alikaa chini taratibu, akakunja mikono, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alimwangalia Mayala kama mtu anayetaka sana kumsikiliza.

“Endelea, ngosha,” alisema. “Ninazo zote kwenye simu. Kwa hiyo kwenye kadi ukafanyaje?”