Alama ya Vema

Kila baada ya miezi mitatu nilimtoa kaka yangu damu, pale maabara ya hospitali ninapofanya kazi, na kila mara mafuta ya kwenye damu, kolesteroli, yalikuwa juu. "Bonge," nilimwambia, "siku yatakaposhuka nitakuwekea vema kubwa kama ya mwalimu." Alicheka. Wifi yangu hakucheka: alimpimia mafuta ya kupikia kwa kijiko cha chai, kisha akaificha chupa.

Sasa Bonge yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Kidonda cha mguuni kimeoza na vijidudu vimeingia kwenye damu. Asubuhi nilipima sampuli yake. Kolesteroli ilikuwa imeshuka hadi nusu ya ile ya mwezi uliopita. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaweka vema. Nikaipeleka karatasi wodini, nikaendelea na sampuli za wengine. Mjinga mimi.

Saa sita daktari akanipigia simu. Alitaka kuukata mguu mara moja, na wifi alikuwa amekataa kutia sahihi.

Nilimkuta kwenye benchi la korido, karatasi mkononi, uso umechangamka. "Wifi, yameshuka! Miaka sita nahangaika na huyu mtu. Anapona, halafu wao wanataka kumkata mguu? Tungoje kesho."

"Hayajashuka kwa kupona. Mwili unayamaliza ukipambana na sumu ya vijidudu, na ini limeelemewa, halitengenezi mengine. Kwa mgonjwa wa namna hii ni dalili mbaya."

"Mbona umeweka vema?"

"Nilikosea."

"Wewe? Si unajisifu kila siku kwamba hukosei?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshika mkono hadi maabara. Sampuli mpya ilikuwa tayari: majimaji ya juu yamekuwa meupe, kama maji yaliyooshewa mchele, kwa mafuta ya aina nyingine ambayo mwili umeshindwa kuyatumia, na kolesteroli imeshuka tena. Aliitazama ile chupa ndogo, akataka aoneshwe namba zote mbili, kisha akaulizia fomu.

Alitia sahihi saa tisa kasoro. Daktari alitazama saa yake, akaichukua fomu.

Jioni, Bonge akiwa bado chumba cha upasuaji, wakaniletea damu yake nyingine. Niliogopa kuiweka kwenye mashine, lakini nikaiweka. Ikatoka namba ndogo kuliko zote nilizowahi kumwandikia, namba tuliyoitafuta miaka sita. Nikaiandika, nikaitia kalamu mfukoni upesi.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. "Imeshuka?" akauliza.