Chumba cha Tambi Baridi

Kila asubuhi Qiao Suyun alikanda donge la unga wa ngano na kuliosha majini mpaka maji yakawa meupe kama maziwa, akayaacha yatulie, kisha akaupika kwa mvuke wanga uliotuama na kuukata kuwa tambi. Aliziuza zikiwa baridi, kwa siki, tango na mafuta ya pilipili, katika kijiduka cha uchochoroni mjini Xi'an. Sakafu yake ungeweza kuilalia. Ukutani palikuwa na kibao cha serikali cha daraja la usafi chenye herufi C, ya chini kabisa.

Mkahawa mkubwa wa ng'ambo ya uchochoro ulikuwa na A. Mpishi wake, Lu, alivuka kila mchana kuja kula kwa Suyun.

"Kwenu hakuna chakula?" Suyun alimtania.

"Kipo, mama. Ila jikoni napajua."

Suyun hakukosa usafi, alikosa nafasi. Sheria ilitaka vyakula baridi viandaliwe katika chumba cha peke yake. Na sasa uchochoro ulikuwa unafanywa kuwa wa mfano wa usafi. Baada ya sikukuu ya mwaka mpya, wenye C wangefungiwa.

Jioni moja mumewe, Geng Baoshan, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita, alitokea kwenye ukuta wa nyuma, akauacha wazi. Nyuma yake palikuwa na chumba kidogo cha vigae vyeupe, chenye baridi ya huko alikotoka.

"Umekonda," alimwambia mkewe, akafunga aproni.

Tangu hapo alikata matango humo. Tambi hazikuchacha. Nzi hawakuingia; baridi ile haikuwa ya walio hai.

Mkaguzi wa mtaa, kijana aitwaye Xing, aliingia chumbani, akatoka akipuliza vidole.

"Shikamoo, mzee Geng. Sijakagua mahali safi kama hapa. Lakini anayeshika chakula lazima awe na cheti cha afya."

Baoshan akaenda hospitali, akapanga foleni. Muuguzi alipomgusa mkono alimletea kikombe cha maji moto akishike, akamsogezea kiti. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Babu, mapigo hayapo. Siwezi kuandika kuwa u mzima."

"Naelewa, daktari. Ungekuwa umedanganya."

Wiki hiyohiyo wateja wa mkahawa wa ng'ambo walichukuliwa na gari la wagonjwa, wamejishika matumbo. Vyeti vya wapishi wote vilikuwa kamili, kwa hiyo A ikabaki mlangoni.

Siku ya ukaguzi wa mwisho Baoshan alivua aproni.

"Mimi ndiye ninayekuharibia. Nikiondoka, wewe utabaki na chumba."

"Kaa. Bora wanifungie."

"Halafu ule nini? Acha ukaidi, Yun."

Alimwachia bakuli la matango aliyokwisha kuyakata, akaingia chumbani. Ukuta ukajifunga, na chumba kikaenda naye, kwa kuwa kilikuwa chake.

Xing alipofika aliupapasa ukuta, akasimama na kalamu mkononi.

"Andika tu, mwanangu," Suyun alisema. "Sheria hukuitunga wewe."

Akaandika C. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, tambi zimebaki?"

Suyun akampakulia, akamwekea matango yote ya Baoshan. Xing alikula taratibu mpaka akamaliza, akaosha bakuli mwenyewe na kulifuta. Mlango wa chuma wa kijiduka ulikuwa mzito kwa mtu mmoja, kwa hiyo akamsaidia kuushusha.